Njia za kando ya mto na mifereji ya zamani: tunazipitaje, na ni za nani?

Ukitoka Nyasho asubuhi, ukaenda stendi ya Bweri na kupanda basi la Tarime au Sirari, haipiti muda mrefu basi linashuka bondeni na kuvuka Daraja la Kirumi. Abiria wengi wakati huo wanaangalia simu zao. Anayechungulia dirishani ataona mafunjo yaliyotanda kila upande, mitumbwi imeegeshwa, na vijia vyembamba vinavyoshuka kutoka vijijini hadi majini. Makala haya yanahusu vijia hivyo. Tunaeleza vimetoka wapi, kwa nini vinahama au kupotea, sheria inasemaje kuhusu ukingo wa mto, na mtu anayetaka kutembea kandokando ya mto au kufuata mfereji wa zamani ajiandae vipi.

Huenda ukajiuliza kama kuna haja ya kueleza njia ya miguu, kitu ambacho kila mtu anakifahamu. Haja ipo. Njia ya kando ya maji ndiyo anayopita mama anayekwenda kuchota, mchungaji anayenywesha, mvuvi anayekwenda mwaloni na mtoto anayekatiza kwenda shule. Ikifungwa na shamba au uzio, watu hawaachi kwenda mtoni. Wanashukia mahali pengine, na mara nyingi ni mahali wasipopazoea, penye kina au penye mamba. Ndiyo maana tunasema suala la njia hizi si la watalii peke yao.

Mto wenyewe

Mto Mara una urefu wa karibu kilomita 395. Unaanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ambako mito ya Nyangores na Amala inakutana na kuufanya mto mmoja. Unapita katika hifadhi ya Maasai Mara, unaingia Tanzania kupitia kaskazini mwa Serengeti, kisha unageukia magharibi. Ukishatoka hifadhini unakuwa mto wa vijiji, Tarime na Rorya zikiwa upande wa kaskazini, Serengeti na Butiama upande wa kusini. Mwishoni unatanuka na kuwa bwawa kubwa la mafunjo na matete kabla ya kuingia Ziwa Victoria kwenye ghuba iliyo kaskazini mwa mji wa Musoma. Kwa wasikilizaji wetu wa Bunda, mito ya kufikiria ni Grumeti na Mbalageti, ambayo nayo inatoka Serengeti na kumwaga maji ziwani upande wa Ghuba ya Speke.

Kutembea kandokando ya Mara si jambo la aina moja. Sehemu ya juu, karibu na mahali panapoitwa Mara Mines, mto una kingo za wazi na maji yanaonekana yakienda. Huko kuna kituo cha kupimia kina cha maji, na ukikuta ubao wenye namba kama rula umesimikwa ukingoni, usiung'oe wala usifungie kamba ya ng'ombe. Namba hizo ndizo zinazowawezesha wataalamu wa bonde kujua mto umepanda au umeshuka kiasi gani. Sehemu ya chini, maeneo ya Wegero, Buswahili hadi Kirumi, ukingo wenyewe ni mgumu kuutambua. Unatembea juu ya udongo mkavu, ghafla unazama hadi magotini, na maji ya mto yako mbali bado, ndani ya mafunjo. Huko njia inafuata mwisho wa nchi kavu, na mwisho huo unahama.

Kuhama huko kuna sababu. Ziwa Victoria likijaa, maji hayapati kasi ya kutoka mtoni, yanarudi nyuma na bwawa linapanuka. Wazee wanaokumbuka mvua kubwa za miaka ya Uhuru, kati ya 1961 na 1964, wanajua ziwa lilivyopanda kwa zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba na miali. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda tena hadi kukaribia na kupita kidogo kiwango kile cha 1964. Pamoja na hilo, mto unabeba udongo mwingi kutoka kwenye mashamba na malisho ya juu, na udongo huo ukitua bondeni unayasukuma maji pembeni. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba njia ya utoto wake sasa iko chini ya mafunjo, usidhani amesahau.

Mita 60 zinamaanisha nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ufukwe wa ziwa au bwawa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinaiweka ardhi ya mita 60 za ukingo katika kundi la ardhi hatarishi. Kama huna kamba ya kupimia, hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75, hivyo hatua 80 zinakupa makadirio mazuri.

Katazo hili linaeleweka vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaodhani kwamba mita 60 ni eneo lisiloguswa kabisa, hata kupita ni kosa. Si hivyo. Kinacholengwa ni kujenga, kulima, kuchimba mchanga na mambo mengine ya kudumu au ya kuharibu. Mtu anayepita kwa miguu hajajenga kitu. Wengine wanadhani kwamba kwa kuwa eneo halina mwenyewe, basi atakayewahi ndiye mwenyewe. Hapo ndipo bustani ya nyanya inapoanza msimu wa kiangazi, mwaka unaofuata inazungushiwa miiba, na mwaka wa tatu njia imesahaulika. Tunaelewa kwa nini mkulima anashuka huko, kwani udongo wa ukingoni una unyevu pale ambapo shamba la juu limekauka. Lakini jembe likifika ukingoni, mvua inayofuata inaubeba udongo uleule kwenda ziwani, na kinachobaki ni korongo ambalo si shamba wala njia.

Ukanda huu ambao sheria umeuacha wazi ndio unaofaa zaidi kwa njia ya miguu. Kwa maoni yetu, ukanda wenye watu wanaopita kila siku unalindwa vizuri kuliko ule wenye bango la katazo tu. Wapitaji ndio wanaoona mti uliokatwa jana, pampu iliyowekwa usiku au samaki wanaoelea. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki kufa, jambo hilo lilifika serikalini na kamati ya wataalamu ikaundwa. Ripoti yake ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na uozo wa mimea bondeni kuwa chanzo. Wapo ambao jibu hilo halikuwaridhisha, na mjadala uliendelea. Lakini mahali ambapo hakuna anayetembea ukingoni, hata swali lenyewe lisingeulizwa.

Mfereji wa zamani unautambuaje?

Njia nyingine ambayo watu huipita bila kujua ni mfereji uliokufa. Mfereji wa kumwagilia hauwezi kushuka mlima moja kwa moja, kwa sababu maji yangeuchimba na kuubomoa. Unachepushwa mtoni kwenye banio, kisha unazunguka ubavu wa kilima ukishuka kidogo sana, kiasi cha maji kutembea bila kukimbia. Maji yakiacha kupita, kinachobaki ni mkanda uliolala karibu tambarare kwenye mteremko, wenye tuta upande wa chini. Watu na mbuzi wanaupenda mara moja kwa kuwa hauchoshi. Ukiona njia inayozunguka kilima kwa usawa uleule badala ya kukata njia fupi, simama uitazame. Tafuta mawe yaliyopangwa kwa mkono, mchanga mwembamba usiofanana na udongo wa jirani, au mstari wa vichaka vilivyo kijani kuliko vingine wakati wa kiangazi. Ifuate kuelekea juu, na ikikufikisha kwenye kijito huenda umepata banio lake.

Mifano mizuri ya mifereji ya aina hii tunaipata ukivuka Serengeti kwenda mashariki. Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, wanaishi wilaya ya Ngorongoro katika vijiji kama Digodigo na Samunge. Samunge wengi wenu mnaijua. Ndiyo ile ambayo mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya siku kadhaa kwenda kwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe. Waliokwenda kwa kikombe walipita kando ya jambo jingine ambalo kwetu ni la ajabu zaidi, yaani mifereji ya asili inayotoka kwenye chemchemi na vijito, na zamu za maji zinazosimamiwa na baraza la wazee. Huko njia ya kando ya mfereji haina mjadala, kwa sababu bila njia huwezi kuukagua wala kuuzibua mfereji.

Kusini zaidi, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika barabara ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, kuna Engaruka. Hapo mifereji ilikufa kabisa. Kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18 waliishi wakulima waliochepusha vijito vinavyoshuka kutoka kwenye nyanda za juu, wakajenga mifereji, matuta na kuta za mawe bila saruji, na kulima eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Nyumba zao zilikuwa kwenye miteremko juu ya mashamba, na misingi yake ya mawe ingali inaonekana. Kisha wakaondoka. Maji kupungua, udongo kuchoka, vita na jirani, vyote vimetajwa, na wataalamu hawajakubaliana. Mgeni leo anatembezwa na mwongozaji wa hapohapo, na kwa muda mrefu anakuwa anatembea ndani ya mfereji bila kujua, mpaka aonyeshwe.

Kilimanjaro nako kuna mifongo ya Wachagga, ambayo mingine inatumika na mingine imekauka, na Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe asubuhi. Mmarekani au Mwingereza akisikia neno mfereji anafikiria kitu tofauti kidogo, nacho kina funzo kwetu.

Jaji aliyetembea kilomita 297

Kabla ya reli kuenea, nchi za Ulaya na Amerika zilichimba mifereji mipana ya kupitisha mashua za mizigo. Mashua hazikuwa na injini. Zilivutwa kwa kamba na farasi au nyumbu aliyetembea ukingoni, na kwa hiyo kila mfereji ulikuwa na njia ya mnyama pembeni. Reli zilipochukua mizigo, mifereji ikafa na njia ikabaki.

Mmoja wa mifereji hiyo ulifuata Mto Potomac nchini Marekani, kutoka Cumberland hadi Washington, kilomita 297. Ulichimbwa kuanzia mwaka 1828, ukafika Cumberland mwaka 1850, na mafuriko ya mwaka 1924 yakaumaliza. Miaka 30 baadaye ulikuwapo mpango wa kujenga barabara ya magari juu yake, na gazeti la Washington Post likauunga mkono. Jaji mmoja wa Mahakama ya Juu, William O. Douglas, aliwaandikia wahariri akiwataka waje watembee naye njia yote kwa miguu, kisha waseme kama bado wanaitaka barabara. Machi 1954 walitembea siku nane. Walioanza walikuwa makumi, waliokwenda mwanzo hadi mwisho kwa miguu walikuwa tisa. Gazeti lilibadili msimamo wake, barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mfereji ule ukawa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Sisi hatuna jaji wa kututembelea Wegero. Lakini angalia ni nini hasa kilichoiokoa njia ile. Matembezi yaliwafungua watu macho, ila kilichoifunga kesi ni sheria iliyoandika kwamba mahali hapa ni hifadhi. Uingereza walifanya vivyo hivyo kwa njia zao za miguu. Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri kuchora ramani rasmi za njia za umma, na njia iliyomo kwenye ramani hiyo haiwezi kukanushwa na mwenye shamba kwa maneno matupu.

Njia inaandikwaje kijijini?

Hapa kwetu njia ya kuandika ipo, ila haitumiki sana kwa jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha, na eneo linaandikwa kwenye rejesta. Kijiji kikiandaa mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya mwaka 2007, ndipo mahali pa kuchora njia za mifugo, vivuko, sehemu za kuchotea maji na njia za kwenda mwaloni. Tatizo ni kwamba timu ya mipango ikifika, watu hugombania mipaka ya malisho na mashamba, na njia ya miguu haitajwi na mtu kwa kuwa kila mmoja anaona ni dhahiri. Miaka mitano baadaye kuna uzio, na hakuna karatasi.

Kwa Nyasho na mitaa mingine ya mjini Musoma utaratibu ni tofauti, kwa sababu hakuna ardhi ya kijiji. Huko anza ofisi ya mtaa, na ramani za mipango miji ziko manispaa.

Simu yako inaweza kusaidia. Kutambua mahali ulipo kwa GPS hakuhitaji bando, kwani simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Kinachohitaji bando ni ramani, kwa hiyo ipakue kabla hujaondoka mjini, kisha washa programu inayorekodi njia utembee. Nenda na mzee mmoja anayezijua njia za zamani na kijana mmoja anayejua simu. Rekodi mwanzo, mwisho, kila kivuko, kila mahali pa kuchotea maji na kila mahali njia ilipozibwa. Piga picha penye kuzibwa, lakini usimpige mtu picha bila ridhaa yake, na usianzishe ugomvi shambani. Kazi ya siku hiyo ni kuandika tu.

Kabla hujatembea

Asili ya Mto Mara ni mamba na viboko, na haibadiliki kwa sababu umevaa viatu vizuri. Usitembee kwenye mstari wa maji. Kaa mita kadhaa juu ya ukingo, hasa penye kona zenye kivuli na mchanga uliolalika. Mamba hujifunza mazoea, hivyo kuchota maji mahali palepale saa ileile kila siku kunampa nafasi. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi na kurudi kabla hakujakucha. Ukiona njia pana yenye mfereji mdogo katikati inayopenya kwenye mafunjo, hiyo ni yake, na kosa kubwa ni kusimama kati yake na maji. Tembea kuanzia jua likishapanda, rudi kabla halijashuka.

Usinawe wala kuogelea kwenye maji yaliyotulia penye majani, kwa sababu ya kichocho. Ukishaingia majini na baadaye ukaona damu kwenye mkojo, nenda zahanati, dawa yake ipo. Wakati wa masika angalia pia rangi ya maji. Mara hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, hata kama juu yako hakuna wingu, na kivuko ulichopita asubuhi ukiwa umelowa magoti tu kinaweza kuwa hakipitiki jioni.

Ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huwezi kutembea kwa miguu bila kibali na askari wa hifadhi, hata kama babu yako alipita hapo. Mnyama akijeruhi mtu nje ya hifadhi, toa taarifa siku hiyohiyo kwa uongozi wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya. Taarifa hiyo ndiyo mwanzo wa madai ya kifuta machozi pale yanapostahili, na ikichelewa inaleta maswali.

Ukiona maji yamebadilika rangi, samaki wamekufa au mtu anachimba mchanga ukingoni, wa kuambiwa ni jumuiya ya watumia maji ya eneo lako na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Mwanza. Nafasi nyingine ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa na Kenya na Tanzania kila tarehe 15 Septemba tangu mwaka 2012. Siku hiyo wakubwa wanakuja bondeni wenyewe, na mwenye ramani mkononi husikilizwa kuliko mwenye malalamiko tu.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Mkiupeleka mchoro wenu huko, ombeni muhtasari uandike jina la njia kama wenyeji wanavyoiita, inapoanzia, inapoishia, upana wake kwa hatua, na majina ya sehemu za kuchotea maji. Kisha ombeni nakala yenye muhuri, mwenyekiti wa kitongoji abaki nayo moja.